Kibuyu cha Ijumaa Kuu

Jumatatu ya Juma Takatifu, saa kumi na moja za jioni, Maman Consolate alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya nyumba yake kule Kasha, pembeni mwa Bukavu, miguu yake ikiwa ndani ya beseni la bluu lenye maji baridi. Alikuwa anangoja uvimbe ushuke. Sandali zake za kutokea zilikuwa zimekataa kuingia tangu Jumapili ya Matawi, na zile za mume wake alizoazima zilikuwa zimeanza kukataa pia. Kando yake, kwenye benchi, Bibiane alikuwa anachambua maharage ndani ya sinia, mawe upande huu, yaliyotobolewa upande ule.

Saa kumi na moja na dakika tano wapangaji wa tumbo la Consolate wakatoka. Walipitia kitovuni kama kawaida yao, mmoja mmoja, wakateremka kwa kufuata mikunjo ya kitenge, wakapanda benchi ili wapunge hewa. Walikuwa wadogo kama punje za mtama. Wazee walibeba viti vyao. Bibiane akasogea kidogo wapate nafasi.

"Leo mumechelewa," akawaambia.

"Tulikuwa na mukutano, maman," mzee wao akajibu. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ukiinamisha kichwa unaisikia vizuri. Kiswahili chake kilikuwa na lugha ya Mashi ndani, Mashi ya kule kijijini Walungu, kama cha Bibiane mwenyewe.

Walikuwa wameanza kutoka mwezi wa pili. Bibiane alikuwa mjane wa kaka mkubwa wa Zagabe, mume wa Consolate, na kwa miaka tisa alikuwa anaishi katika chumba kidogo cha nyuma ya nyumba yao. Kila jioni wanawake hao wawili walitegeana vitendawili huku kazi ikiendelea. Jioni moja Bibiane akasema, "Kitendawili."

"Tega."

"Nyumba yangu haina mulango wala dirisha, na wapangaji wake hata serikali haijawahesabu."

"Yai," Consolate akasema.

"Yai iko na mupangaji mumoja tu. Fikiri."

"Boga."

"Boga ni karibu. Endelea."

Consolate alikuwa bado anafikiri pale sauti ndogo iliposema kutoka chini ya kitenge, "Ni sisi." Basi wakatoka kujionyesha, maana walikuwa wametajwa, na tangu siku hiyo walitoka kila jioni. Watu wa avenue, mtaa wao, hawakulalamika. Wapangaji hawa hawakupiga muziki, wala hawakusimama kwenye foleni ya maji.

Jioni hiyo ya Jumatatu mzee wao alikuwa na jambo. Alivua kofia akaishika kifuani.

"Maman Consolate, sisi tuliingia kwako ungali mutoto, na maharage ya nyanya yako, na viazi, na mboga, na maziwa ya mashanza ya kibuyu. Kazi yetu unaijua. Kila asubuhi tunakanda udongo na maganda ya maharage na nyuzi za mboga, tunapaka ukuta. Sasa miaka saba hatupati udongo. Ukuta umepasuka. Na wale wenzetu..."

Akaonyesha kwa kidevu wapangaji wapya, waliokaa mwisho wa benchi wakiwa wamepandanisha miguu. Hao waliingia pamoja na kazi ya Zagabe. Walikuja ndani ya biskuti, soseji za saucisson na zile soda tamu ambazo Bukavu watu wanaziita sucré, na walisema Kifaransa tu. Walikuwa hodari. Kutoka katika biskuti moja walitoa vyote vilivyomo, hawakuacha hata chembe, na mafuta waliyapanga kiunoni mwa Consolate kama magunia ya depo. Lakini hawakupaka ukuta. Maji yao machafu waliyamwaga kwenye nyufa, yakaenda kwenye damu.

"On n'est pas maçons," mmoja wao akasema. Sisi si waashi.

"Na yale maji machafu yanafika wapi?" Bibiane akauliza.

"Kwa wafuaji," mzee akasema.

Bibiane akaacha maharage. Alikuwa na kitendawili chake kingine, cha zamani, alichokipenda kuliko vyote: mapacha wawili wanafua mchana na usiku, na hawajaonana hata siku moja. Jibu ni mafigo. Hakukitega jioni hiyo.

"Wako namna gani?" akauliza.

"Mumoja bado anasimama. Mwenzake anafua ameketi. Amechoka, maman." Mzee akamgeukia Consolate. "Mashanza, maharage na mboga. Tunaomba mbele ya Pasaka. Ikipita Pasaka hatutaweza kushika ukuta, tutahama, na wale wafuaji watabaki peke yao na uchafu wote."

"Nimesikia," Consolate akasema, akatoa mguu mmoja majini akaubonyeza kwa kidole. Shimo la kidole likabaki pale muda mrefu.

Zagabe alifika saa kumi na mbili, na jaketi lake la kazini lenye mifuko sita, amebeba sachet mbili za plastiki. Alikuwa mtu mwema, na hilo lazima lisemwe mapema. Utotoni, kule Walungu, alikula mara moja kwa siku, na siku zingine mama yake alichemsha maji matupu ili majirani waone moshi. Alipopata kazi ya kuandika mizigo kwenye ghala la ONG, shirika la misaada, aliahidi kwamba hakuna mtu atakayemwona bibi yake akadhani nyumbani mwake kuna njaa. Consolate aliingia kwenye ndoa na kilo hamsini na mbili. Sasa alikuwa na mia moja na kumi na nane. Mizani ilikaa sebuleni, chini ya picha ya arusi, na wakwe walipokuja kutembea walialikwa kushuhudia.

"Maman ya nyumba," akasema, "leo iko saucisson, na sucré ya machungwa, ya baridi."

"Papa, miguu inavimba."

"Ni mwili inakubali. Batu ya bureau wananiuliza, Zagabe, bibi yako unamulisha nini? Minacheka tu." Akawasalimia wapangaji, maana alilelewa vizuri. Wale wapya wakasimama wote. "Bonsoir, patron," wakasema.

"Zagabe," Bibiane akasema, "umuache akule hata maharage yangu kidogo."

"Yaya," Zagabe akamwambia, kwa heshima ya dada mkubwa, "maharage nimekula ya kutosha, mimi na ukoo wangu wote. Bibi yangu hatakula chakula ya wakimbizi mbele ya batu." Hakusema kwa ukali. Alikuwa tayari anafungua chupa.

Jumatano Consolate alikwenda kituo cha afya. Muuguzi aliitwa Carmel, msichana mwenye saa kubwa mkononi. Alichovya kijikaratasi kwenye mkojo, akakitazama kikibadilika rangi, akaandika.

"Maman, mkojo yako iko na povu kama bière. Mafigo inateseka. Nakutuma kwa daktari mjini wapime damu. Lakini sucré uache leo. Na cube ya mchuzi kwenye kila sufuria. Na ile vidonge ya maumivu unanunua barabarani, usiguse tena. Uzito ipungue pole pole, na urudilie chakula ya kwenu." Akatazama tumbo. "Wanatoka bado?"

"Kila jioni."

"Vizuri. Siku hawatatoka, kuja mbio."

Zagabe aliisoma karatasi mara mbili, akiwa amesimama.

"Njo kusema mimi naua bibi yangu na chakula."

"Hakusema hivyo, papa."

"Iko imeandikwa hapa. Excès de poids, uzito kupita kipimo. Nani alileta hiyo poids? Ni mimi." Akaikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye mfuko wa sita wa jaketi, ule ambao zipu yake ikishafungwa haifunguki tena. Safari ya kwa daktari mjini haikutajwa tena. Usiku huo alileta kuku mzima.

Sasa, kila mtu Bukavu anajua jambo hili: anayempa mwingine kinywaji anaonja kwanza, mbele ya macho yake, kisha anapangusa mdomo wa chombo na kukitoa. Hata mama akimkaribisha mtoto wake wa kuzaa, anaonja. Ni kwa sababu ya karuho, sumu ya polepole, ile ambayo mtu anawekewa kwenye kikombe leo, na mwili wake unaanza kwisha mwezi ujao. Kwa miaka tisa Bibiane alikuwa ameonja kila alichompa Consolate, hata chai ya moto iliyomchoma ulimi.

Alhamisi Bibiane alishuka sokoni Bagira, kwa mama mmoja wa Walungu, akarudi na kibuyu cha mashanza, maziwa yaliyolala mpaka yakashikana. Ijumaa Kuu, saa saba za mchana, alikileta kwa Consolate, aliyekuwa amelala barazani, midomo imekauka. Mgonjwa hafungi, padri mwenyewe alikuwa amesema. Lakini Bibiane alifunga. Tangu komunyo ya kwanza hakuwa amegusa hata maji siku ya Ijumaa Kuu kabla ya saa tisa, saa ya kubusu msalaba.

Alisimama na kibuyu mikononi. Wapangaji, ingawa haikuwa saa yao, walikuwa wamejipanga kitovuni wakichungulia.

"Itangoja saa tisa?" Bibiane akauliza.

"Wafuaji hawangoji," mzee akasema. "Yule wa kushoto ameinamisha kichwa."

Bibiane akatazama kibuyu. Akatazama msalaba mdogo ulioning'inia juu ya mlango.

"Mungu anajua," akasema, akampa Consolate bila kuonja.

Ni wakati huo huo lango lilipofunguka. Aliingia Chantal, dada yake Zagabe, na kitambaa cheusi kichwani, aliyekuwa amekuja kumpitia Consolate waende Njia ya Msalaba. Akaona kibuyu mdomoni mwa Consolate. Akaona midomo ya Bibiane, mikavu.

"Yaya Bibiane. Umeonja?"

"Leo ni Ijumaa Kuu, Chantal."

"Nimeuliza kama umeonja."

"Sijaonja."

Chantal akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayepokea hesabu na kuikuta sawa. Akageuka akatoka. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, lakini lango alilifunga kwa utaratibu, na Bibiane akabaki akilitazama.

Jioni wapangaji hawakutoka kupunga hewa, walikuwa na kazi. Consolate aliwasikia wakikanda na kupaka, wakiimba nyimbo za shamba kwa sauti ya chini kwa kuheshimu siku. Jumamosi asubuhi uvimbe ulikuwa umeshuka kipimo cha kidole. Sandali iliingia mpaka kwenye mkanda.

Lakini Chantal alikuwa amekwisha fika, na alikuwa ameketi na kaka yake sebuleni, karibu na mizani.

"Kaka, bibi yako hana ugonjwa ya mafigo. Bibi yako amewekewa karuho. Nimeona na macho yangu. Mjane, hana mutoto, analala nyuma ya nyumba yako, anaona sachet zinaingia kila siku. Unafikiri roho yake inalala?"

Zagabe hakuwa ameamini karuho tangu shuleni. Lakini alimtazama dada yake kama mtu aliyesimama siku nzima, sasa ameletewa kiti.

"Hakuonja?"

"Muulize mwenyewe."

Walimpeleka Consolate kwa mganga wa karuho, upande wa pili wa mlima. Mganga alichemsha majani machungu, akaonja kwanza kama inavyotakiwa, akampa. Consolate alitapika mara tatu. Mara ya tatu wakatoka wapangaji wa Walungu, wote, wakiwa na nguo zao za mkesha wa Pasaka, na viti vyao, na udongo ungali mikononi. Wale wapya walijishika wakabaki. Mganga akawakusanya wale wazee kwa kijiko ndani ya chupa tupu ya mayonnaise, akafunga kifuniko, akakitoboa kwa msumari matundu mawili wapate hewa. Hakuwa mtu katili.

"Karuho yenu hii hapa," akasema.

Mzee akagonga kioo. "Sisi si karuho."

"Wote wanasema hivyo," mganga akajibu, akaandika tarehe kwenye kifuniko.

Jumapili ya Pasaka, tangu asubuhi, vijana wa avenue walikuwa wanapanga mawe mbele ya chumba cha Bibiane. Walifanya kazi yao kwa adabu, wakaacha njia ili aweze kupita kwenda misa. Aliporudi, tairi moja kuukuu la gari lilikuwa limeegemezwa ukutani kwake. Hakuna aliyesema ni la nini, na hakuna aliyeuliza. Bibiane alivua nguo za misa, akazikunja, akavaa za kila siku. Kisha akaketi kitandani akangoja saa tisa, maana ndiyo saa ambayo Papa Honoré, chef wa avenue, mkuu wa mtaa, alikuwa amewaita wote kwenye parcelle yake, uani kwake.

Honoré alikuwa ametandika kitambaa cheupe mezani. Juu yake kulikuwa na daftari, kalamu mbili na chupa ya mayonnaise. Watu walijaa mpaka kwenye ukuta wa jirani. Zagabe alisimama nyuma ya kiti cha Consolate, mkono wake begani kwa bibi yake, mkono mzito na wa moto. Vijana walisimama langoni. Mmoja alikuwa amekuja na lile tairi, akalikalia.

"Maman Bibiane," Honoré akasema, "siku ya Ijumaa ulimupa huyu maman kibuyu?"

"Nilimupa."

"Ulionja?"

"Nilikuwa nimefunga, papa chef."

"Kufunga gani hiyo?" Chantal akasema. "Miaka tisa ameonja hata chai ya moto. Siku moja tu, ile siku moja, ndiyo anakumbuka Yesu."

Watu wachache wakacheka, kisha wakanyamaza kwa sababu ya Pasaka.

Mle chupani mzee wa wapangaji alikuwa amenyoosha mkono tangu mwanzo. Honoré, aliyekuwa mtu wa haki, alifungua kifuniko akaegesha sikio. Akawa anarudia kwa sauti kila alichoambiwa, ili wa nyuma wasikie. Mzee alieleza yote. Alieleza ukuta na udongo wake, na miaka saba ya biskuti na saucisson na sucré. Akaeleza magunia ya mafuta, maji machafu yanayopita kwenye nyufa, na wale mapacha wawili, mmoja amesimama na mwingine ameketi. Alisema kibuyu cha Ijumaa ndicho chakula cha kwanza cha kweli walichopokea katika miaka hiyo yote, na kwamba siku iliyofuata mguu ulishuka, sandali ni shahidi. Watu walisikiliza vizuri. Kwenye habari ya mapacha, mama mmoja alifuta macho.

"Aksanti, muzee," Honoré akasema. "Umesema vizuri. Carte d'électeur yako?"

"Hatuna, chef."

"Hata mumoja?"

"Hakuna aliyekuja kutuandika."

Honoré akaweka kalamu chini. Ilimsumbua, ilionekana. "Muzee, bila kitambulisho siwezi kuandika ushahidi. Na tena ninyi muko kielelezo. Mulikuja hapa ndani ya chupa, na tarehe. Kitu haiwezi kuwa kielelezo na shahidi kwa siku moja." Akafunga kifuniko taratibu asimbane mtu. "Tuulize mwenye carte. Maman Consolate."

Yule kijana aliyekalia tairi akasimama.

Consolate alijua neno la kusema. Lilikuwa fupi. Akisema ni sucré, ni saucisson, ni sachet za kila jioni, karatasi ya muuguzi iko mfuko wa sita, fungueni, tairi lingerudishwa lilikotoka, na Bibiane angerudi kwenye benchi lake. Lakini nyuma yake alikuwa amesimama mtu ambaye mama yake alichemsha maji matupu ili moshi uonekane. Mbele ya avenue nzima, na wakwe, na watu wawili wa bureau, ofisini kwa Zagabe, waliokuja na nguo za Pasaka, angekuwa anasema: huyu ndiye aliyeniua, kwa kunilisha.

"Ni chakula..." akaanza.

"Consolate," Zagabe akasema kwa sauti ndogo. Hakuwa anatisha. Alikuwa anaomba.

"Maman, jibu swali," Honoré akasema. "Alionja ao hakuonja?"

Consolate akamtazama Bibiane. Bibiane alikuwa anatazama miguu ya Consolate, kuona kama imeshuka.

"Hakuonja," Consolate akasema.

"Ilikuwa Ijumaa Kuu," akaongeza.

"Hiyo haikuulizwa," Honoré akasema, akaandika neno moja, akalipigia mstari.

Aliamua kwamba Bibiane arudi kwao Walungu kabla ya jua kuzama, na karuho yake aende nayo, isibaki kwenye avenue. Vijana wambebee godoro mpaka barabarani. Tairi lirudishwe. Watu walitawanyika wakisema kwamba chef amekuwa na hekima, maana kwenye avenue zingine mambo ya namna hii yalikwisha vibaya. Hata Chantal alikubali. Vijana walibeba godoro vizuri, halikugusa tope.

Bibiane alikusanya sufuria mbili, sinia, nguo za misa na kibuyu. Chupa ya mayonnaise aliifunga ndani ya kitenge, akaiacha wazi juu wapangaji waone njia. Kisha akapita mbele ya baraza, ambako Consolate alikuwa amerudishwa kwenye kiti chake, na Zagabe amesimama kando.

"Kitendawili," Bibiane akasema.

Consolate akafungua mdomo. Zagabe alikuwa anatazama chini. Chantal alikuwa mlangoni, mikono kiunoni.

Bibiane akangoja, muda wa kutosha kuchambua konzi moja ya maharage. Kisha akaweka kitenge sawa, akaenda. Mzee wa wapangaji alikuwa amegeuka nyuma, amebandika viganja kwenye kioo, mpaka waliposhuka kona.

Jumatatu ya Pasaka Zagabe alifanya karamu ya kushukuru kwamba bibi yake ametolewa sumu. Alichinja mbuzi. Aliweka kreti tatu za sucré kivulini. Consolate alivikwa kitenge kipya, akaketishwa katikati, miguu juu ya mto kwa sababu hakuna kiatu kilichoingia. Uso ulikuwa umejaa, macho yamekuwa madogo, na wageni walimsifu.

"Angalia namna amenawiri. Siku mbili tu."

"Karuho ikitoka, mwili inarudi."

Mtu akaomba mizani. Ilisoma mia moja na ishirini na tatu. Watu wa bureau wakapiga makofi, na Zagabe akacheka mpaka machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono wa jaketi.

Saa kumi na moja na dakika tano Consolate akatazama kitovu chake. Hakuna aliyetoka. Wale wapya hawakupenda hewa ya nje kama hakuna wa kuwasindikiza. Benchi lilikuwa tupu, na chini yake yalikuwa yamebaki mawe madogo ya maharage.

"Papa," akasema, "hawajatoka."

"Njo kusema umepona."

"Muuguzi alisema siku hawatatoka, niende mbio."

"Kesho, maman. Leo wageni."

Akaweka kiganja mgongoni. Ndani, upande wa kulia wa mgongo, alisikia kufua. Kulikwenda polepole: nguo inazamishwa, inasuguliwa, inakamuliwa. Akasikiliza upande wa kushoto. Alisikia beseni likiwekwa chini, na mtu akipangusa mikono.

"Tega," akasema.

"Umesema nini?" Chantal akauliza. Alikuwa ameinama juu yake na chupa ya machungwa.

"Hakuna kitu."

Chantal akamimina glasi mpaka juu. Akaiinua kila mtu aone, akaonja kwanza, akameza, akangoja kidogo kama desturi inavyotaka. Akapangusa mdomo wa glasi kwa kitambaa safi, akampa. Consolate akapokea kwa mikono miwili, akanywa.